Maisha ya Kifua, Mpuliza Vioo, na Bilauri Aliyoitengeneza Vizuri Kupita Zote

Ndugu wafiwa, majirani, mafundi wa karakana ya vioo wa zamani na wa sasa, nanyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi, familia imenituma mimi, mpwa wake, nisimame mbele yenu niyasome maisha ya mjomba wangu tangu kuzaliwa hadi kufariki kwake. Imeniagiza nisiruke sehemu yoyote, hata ile ambayo wengi wetu tungependa irukwe, kwa sababu marehemu mwenyewe, akiwa kitandani na akili zake timamu, alisema kwamba tukimsoma kama mtu asiye na doa ataona aibu mara mbili, na akatuomba tulisafishe mbele ya watu jina la mtu mwingine, yaani fundi aliyemfundisha kazi, ambaye mikono yake ilisemwa vibaya kwa miaka mingi kwa kosa lisilo lake.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya bati iliyopakana na mashine ya kusaga nafaka, akiwa mtoto wa tatu na wa kiume pekee wa seremala na mkewe, na bibi yangu alikuwa akisimulia hadi uzeeni kwamba kitoto kile kilikuwa chembamba kama ufito, lakini kilipolia, mwenye mashine alizima injini akidhani mkanda umekatika. Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kuimaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari hadi kidato cha nne mwaka 1969, akifanya vizuri katika hesabu na vibaya mno katika kuimba, na masomo yake yaliishia hapo kwa kuwa baba yake alifariki mwaka uleule, naye akawa hana budi kutafuta kazi.

Tarehe 3 Februari 1970 aliajiriwa katika karakana ya vioo iliyokuwa ikitengeneza chupa za maabara na mirija ya hospitali, akaanza kwa kufagia vigae na kuchekecha mchanga, kisha akapandishwa kwenye tanuri baada ya mtu mmoja kuugua, na siku hiyohiyo akapewa jina ambalo wengi wenu mnamjua nalo kuliko lile la cheti, yaani Kifua, si kwa sababu alikuwa na kifua kipana, bali kwa sababu hakuwa nacho kabisa, lakini alipolishika bomba la chuma na kupuliza kwa mara ya kwanza, donge la kioo lilifutuka likawa kubwa kama boga, mpaka Mzee Moshi, mchochea tanuri, ambaye yuko nasi hapa leo, akapiga kelele, "Jamani mshikeni huyu, atapaa!"

Mwalimu wake wa kazi alikuwa Fundi Mkuu wa karakana, mtu wa maneno machache na mashati meupe, aliyeamini kwamba kupuliza ni robo tu ya kazi na robo tatu zilizobaki ni mikono, kwa kuwa kioo cha moto ni kizito na kilegevu kama asali, na bomba lisipozungushwa pole pole bila kukoma, kioo huinama upande mmoja na kuharibika, na mikono yake yeye, kwa ushuhuda wa wote waliofanya naye kazi, ililizungusha bomba kwa utulivu hata ungedhani linajizungusha lenyewe. Mtu huyohuyo mkali, aliyeweza kumrudisha fundi mzima kwenye ufagio kwa chupa moja iliyopinda, alikuwa na jambo moja la kuchekesha alilolifundisha kwa wanafunzi aliowaamini tu, nalo lilikuwa utengenezaji wa bilauri za mzaha, zile ambazo kwa macho ni bilauri za kawaida, kumbe moja ina kuta mbili na sharubati imefungiwa katikati, ukiinua unywe hupati tone, nyingine ina mrija uliojificha kwenye mguu, ukiijaza kupita kiasi inajimwaga yote mezani, na nyingine, iliyo ngumu kuliko zote, ina maua yaliyochongwa chini ya mdomo wake, na ndani ya maua kuna vitundu visivyoonekana, nayo hukaa na maji yake kwa adabu mpaka mtu ainamishe anywe, ndipo yanapomwagika kifuani.

Fundi Mkuu alisema kwamba anayeweza kutengeneza bilauri inayodanganya kwa makusudi ndiye aliyeielewa ile isiyodanganya, lakini mzaha huo aliuwekea sheria, na sheria hizo ndizo zilizobeba yote yatakayofuata, kwa hiyo naomba mzisikie vizuri. Aliyenaswa hakuruhusiwa kujitetea, bali alitakiwa aikubali fedheha yake ndogo na hata kuinogesha, ajitazame, ashangae, ajifanye mzembe, ili kicheko kiwe kitamu. Aliyeitengeneza bilauri alilazimika kusimama na kusema kwa sauti, "Ni yangu hiyo," kabla nguo ya mwenzake haijakauka, na hakuna mtu mwingine, awe ameona nini au anajua nini, aliyeruhusiwa kumsemea, kwa maana mzaha usio na mwenyewe, Fundi Mkuu alisema, ni tusi.

Marehemu alianza kujifunza bilauri hizo mwaka 1974, na kwa muda mrefu alikuwa kichekesho cha karakana, kwa kuwa alipovitoboa vitundu kwa sindano ya moto vikawa vikubwa, bilauri ilivuja mezani kabla ya mtu kuigusa, na alipovifanya vidogo haikuvuja kabisa, naye Fundi Mkuu akayanywa maji yote, akapangusa mdomo, akaomba ajaziwe tena, kisha akamwambia, "Hii ni glasi tu, mwanangu, peleka dukani." Mara nyingine maua yalipendeza lakini bilauri ilipasuka ndani ya tanuri la kupoozea kwa sababu alikuwa na haraka ya kuitoa, na mara nyingine vitundu vilikaa mahali sahihi lakini Fundi Mkuu aliiona mara tu ilipowekwa mbele yake, akaigeuza upande wa maua, akanywa kwa upande mzima, akaendelea na mazungumzo kana kwamba hakuna kilichotokea. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumnasa yeye mwenyewe, na alikuwa akiwaambia wote, kwa maneno yaleyale, "Siku utakayoninasa mimi, nitasimama mbele ya watu niseme umehitimu, sina cha kukufundisha tena."

Tarehe 12 Agosti 1978 marehemu alifunga ndoa na mjane wake huyu mliyekuja kumfariji, fundi cherehani aliyefahamiana naye kwa sababu ya mashati yaliyotobolewa na cheche, ambaye alipoletewa shati la nne katika mwezi mmoja aliliinua kwenye mwanga akamwuliza, "Hivi kaka, wewe unapuliza vioo au vioo vinakupuliza wewe?" na marehemu alikuwa akisema kwamba alikubali kushindwa tangu hapo. Walijaliwa watoto watatu, wa kike aliyezaliwa mwaka 1980, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1983, na kitinda mimba wa kike aliyezaliwa mwaka 1990, na wote wako hapa pamoja na watoto wao.

Sasa nafika kwenye tarehe 22 Novemba 1986. Siku hiyo karakana ilikuwa inawasha tanuri jipya, wamealikwa wakuu wa maabara na wa hospitali zilizonunua vyombo vyake, na ilijulikana kwamba mwenye karakana alikuwa anatafakari kama Fundi Mkuu, aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na minane, akabidhiwe tanuri hilo au apewe mtu mwenye umri mdogo zaidi. Marehemu alikuwa amemaliza bilauri yenye maua saba, nyembamba, safi, yenye vitundu vyembamba kiasi kwamba vilishikilia maji hadi dakika ya kuinamishwa, bilauri ambayo Mzee Moshi, aliyeitia maji mara kadhaa kuijaribu, aliapa kwamba hata akiambiwa vitundu viko wapi hataviona. Aliichagua siku ile kwa sababu ya wingi wa watu, kwa kuwa alitaka Fundi Mkuu asimame na kulitamka lile neno la kuhitimu mbele ya wageni wote, na kwa hiyo aliivunja kanuni ndogo ya kutochanganya bilauri za mzaha na za kunywea, akaiweka kwenye sinia la meza kuu, mbele ya kiti cha mwalimu wake.

Fundi Mkuu alisimama kujibu hotuba ya mwenye karakana, akainua bilauri, akanywa, na maji yote yakamwagika juu ya shati lake jeupe lililopigwa pasi. Hakuna aliyecheka, kwa kuwa wageni hawakuzijua desturi za karakana. Fundi Mkuu aliiweka bilauri chini, akainua mikono yake yote miwili, akaitazama viganja, akaigeuza akaitazama mgongoni, pole pole, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Mgeni mmoja alimwinamia mwenye karakana akamwambia, kwa sauti iliyosikika meza nzima, "Mikono hiyo bwana, tena kazi yenyewe ya moto," na mwenye karakana akajibu, "Si niliwaambia?" Mafundi wote waliijua bilauri ile ni ya nani, na wote walinyamaza, si kwa uoga, bali kwa kuishika sheria waliyofundishwa kwamba mwenye bilauri ndiye asemaye, na Mzee Moshi alimpiga marehemu kiwiko cha mbavu akimnong'oneza, "Sema basi, sema, shati linakauka."

Marehemu hakusema. Katika siku zake za mwisho tulijaribu kumpa sababu za kujifariji, tukamwambia pengine alipigwa na butwaa, pengine sauti ilimkauka, naye alituzuia kwa mkono, akasema, nanukuu kama alivyoagiza nisinukuu pungufu, "Sauti ilikuwepo. Nilisikia wanavyomsema, nikapiga hesabu ni nani atakayefuata baada yake, nikaona ni mimi, nikafunga mdomo." Kisha alichukua kitambaa cha mezani, akamwendea mwalimu wake, akamfuta maji kifuani mpaka shati likakauka, na wageni wakamsifu kwa adabu yake.

Fundi Mkuu aliendelea kuja kazini kama kawaida siku zilizofuata, na kila mafundi walipokaa kunywa chai alikuwa akiuliza, bila kumtazama mtu, "Kuna mwenye neno?" na watu wote walikuwa wakitazama vikombe vyao. Tarehe 1 Desemba 1986 alilichukua bomba lake, akampa marehemu mbele ya wenzake, akasema, "Shika wewe, naona umelihitaji," akavaa koti, akaondoka, na tangu siku hiyo marehemu ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa karakana hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Aliifanya kazi hiyo vizuri, na hospitali nyingi zilitumia vyombo vilivyotoka kwenye pumzi yake, lakini hakutengeneza tena bilauri ya mzaha, akawakataza na vijana wasijifunze, mpaka wakamwona mtu asiyejua utani, na mtoto wake wa mwisho alipomwambia, "Baba, Mzee Moshi anasema ulikuwa unatengeneza glasi zinazowalowesha watu, nifanyie moja nimkomeshe kaka," alimjibu kwamba amesahau namna ya kutengeneza.

Jambo lilimfika kooni mwaka 1997, kwa sababu ya msemo. Katika karakana ilikuwa imezoeleka kwamba mtu akiangusha chupa au akimwaga chai, wenzake humwuliza, "Vipi, umeazima mikono ya Fundi Mkuu?" na siku moja marehemu alimsikia mfanyakazi mpya, ambaye hakuwahi hata kumwona mzee yule kwa macho, akiusema msemo huo na kucheka, akaona kwamba uongo alioulea sasa unatembea wenyewe bila kushikwa mkono. Tarehe 20 Aprili 1997 alikwenda nyumbani kwa Fundi Mkuu, akamkuta jikoni anamenya viazi pamoja na binti yake, na mikono ya mzee, kwa umri, ilikuwa inatetemeka kweli, kisu kikigonga beseni, naye marehemu aliyasema yote akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu hakukaribishwa kukaa wala hakudhani anastahili.

Fundi Mkuu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwamba hajamwambia jipya lolote. "Nilijua maji yalipofika kifuani," alisema, "si kabla. Ulininasa, na hakuna mwingine aliyewahi. Mikono niliitazama ili kukunogeshea, mwanangu, kama tulivyozoea. Nilikuwa nimesimama pale nasubiri useme, ili nami niseme umehitimu." Marehemu alimwuliza kwa nini hakujitetea hata alipoona kazi inamtoka, naye akajibu, "Ningejitetea ningekuwa nimevunja sheria yangu mwenyewe, na wewe ungekuwa mwongo mbele ya wageni. Nikakuachia nafasi. Halafu nikaona nafasi umeitumia kwa jambo jingine." Marehemu aliahidi kwenda siku hiyohiyo kuwaambia watu wote, na mzee, akiinua mikono yake iliyokuwa ikitetemeka, akamwambia, "Ukisema leo wataitazama mikono hii, wataona unanisitiri kwa huruma, watakusifu tena kwa adabu. Ukitaka kusema, sema siku ambayo hutapata sifa yoyote kwa kusema." Akarudi kumenya viazi, na binti yake ndiye aliyemsindikiza marehemu hadi nje.

Fundi Mkuu alifariki tarehe 6 Machi 2004, na katika maziko yake ilisomwa historia kama hii ninayoisoma, ambamo iliandikwa kwamba aliacha kazi kwa sababu ya kutetemeka kwa mikono, kwa kuwa familia yake iliyaheshimu maneno aliyomwambia marehemu na kulinyamazia jambo lile. Marehemu alikuwepo, alisikia sentensi hiyo kwa masikio yake, akatazama chini pamoja na waliotazama chini, na alituambia kwamba aliyashika maneno ya mwalimu wake si kwa utii bali kama mtu anayeshika pazia ajifiche nyuma yake, kwa sababu siku ile hakuna ambaye angemsifu, ilikuwa ndiyo siku yenyewe, naye aliiacha ipite.

Baada ya kustaafu aliishi nyumbani kwa utulivu, akimsaidia mkewe kukata vitambaa, hadi mwaka 2019 alipoanza kukohoa na kupungukiwa na pumzi, ugonjwa ambao madaktari walisema ulitokana na vumbi la mchanga wa miaka mingi, na kuanzia Januari 2024 hakuweza kulala bila mashine ya hewa. Ni katika kipindi hicho alipotuita na kutueleza haya yote, na sitaficha kwamba familia iligawanyika, mama yangu akisema, "Kaka, unataka tukuzike na aibu yako? Watu watatucheka," naye mjane wa marehemu, ambaye alikuwa amekaa na jambo hilo ndani ya nyumba kwa miaka na miaka bila kuambiwa, akiona tu mume wake akiondoka mezani kila maji yalipomwagika, akamjibu, "Wifi, waache wacheke, hicho ndicho kicheko alichokiua." Mzee Moshi alikuja kumwona mara ya mwisho, akamshika mkono, akamwambia, "Kifua, tulikusubiri useme mpaka tukastaafu," na wote wawili wakalia. Marehemu alifariki hospitalini tarehe 17 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkewe na watoto wake wakiwa pembeni yake.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, waliomhudumia kwa upole na kuvumilia ukaidi wake wa kutaka kulizungusha mwenyewe kila bomba la mashine aliyofungiwa, nawashukuru majirani waliopokezana kukaa naye pale mkewe alipolazimika kwenda kushona, nawashukuru mafundi wa karakana waliokuja wote leo na kulifunga tanuri kwa ajili yake, na nawashukuru nyote mliochangia kwa hali, kwa mali na kwa kukaa nasi.

Kabla hatujamaliza, marehemu aliacha maneno, nami nayasoma kama yalivyo. "Tarehe 22 Novemba 1986 mikono ya Fundi Mkuu ilikuwa mizima, haikutetemeka hata kidogo, maji yalimwagika kwa sababu bilauri ilitengenezwa imwage, na aliyeitengeneza ni mimi mnayenizika." Mama yetu, binti wa Fundi Mkuu, ambaye umekubali kuja na kukaa mstari wa mbele, marehemu alitukataza tusikuombe msamaha kwa niaba yake, akasema huko ni kukudai kitu msibani, naye hana haki hiyo, alitaka tu usikie likisemwa mbele ya watu waliosikia lile jingine. Limesemwa. Tunajua limechelewa, wala hatutarajii likubalike kwa sababu tu mwenye kulisema amelala hapa mbele yetu, na aibu yake tunabaki nayo sisi tulio hai, ndugu zake, kwa kuwa ni wetu.

Mjomba, umesikika. Pumzika kwa amani.